Bunduki ya Kwanza kwa Mfuko Mdogo: Mwongozo kwa Mswahili Aliyeko Marekani

Wengi wetu tumefika Marekani bila kuwahi kushika bunduki. Nyumbani bunduki ni ya askari, au ya mlinzi mlangoni benki, au gobore la babu lisilozungumzwa mbele ya wageni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania mwindaji ni mtu wa vibali na ada. Kisha mtu anahamia Minnesota, Texas au Kentucky, anakuta mwenzake wa kazini huingia msituni na mwanawe kila msimu kutafuta kindi na sungura, na bunduki zinauzwa duka moja na nyavu za samaki na viatu vya mvua. Hamu inamwingia. Kinachofuata mara nyingi ni kununua vibaya: anamaliza akiba yote kwenye bunduki iliyomvutia macho, kisha hana hela ya risasi, na bunduki inalala kabatini mwaka mzima.

Basi niseme mapema msimamo wangu. Bunduki nafuu ni ile unayomudu kuilisha. Bei ya dukani unailipa mara moja tu, risasi utazinunua miaka yote. Ukilishika hilo, maamuzi mengine karibu yote yanajipanga yenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha sheria inakuruhusu

Hili linatangulia bei, chapa na kila kitu. Sheria ya shirikisho inamruhusu raia, na pia mwenye grini kadi, kununua bunduki ndefu (ya kuweka begani, si bastola) kwa muuzaji mwenye leseni akishatimiza miaka 18, mradi hana kizuizi kingine. Vizuizi vinavyokamata watu wengi ni hukumu ya kosa kubwa la jinai, hukumu ya ukatili wa nyumbani hata kama ilikuwa kosa dogo, amri ya mahakama ya kumlinda mwenza wako dhidi yako, na matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku. Bangi imo. Jimbo lako linaweza kuwa limeihalalisha na maduka yake yana taa za rangi barabarani, lakini fomu ya kununulia bunduki inauliza kuhusu bangi waziwazi, na ruhusa ya jimbo haikusaidii hapo.

Kwa aliye hapa kwa viza ya muda, ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kanuni ni kwamba haruhusiwi kununua wala kumiliki. Upo mwanya mmoja unaojulikana: mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani anaweza kuruhusiwa. Wasilolijua wengi ni kwamba katazo linafika hadi kuishika. Mwanafunzi asiye na leseni hiyo, akialikwa na rafiki uwanjani na akapewa bunduki “ajaribu mbili tatu”, tayari yuko pabaya. Asiye na karatasi kabisa asikaribie. Na makosa ya bunduki ni miongoni mwa sababu zinazotajwa kwenye sheria ya uhamiaji za kumrudisha mtu kwao, hata mwenye grini kadi. Ndugu zetu kutoka Kongo waliokuja kama wakimbizi, na wanaosubiri majibu ya hifadhi, hali zao hazifanani. Mwulize wakili wa uhamiaji kwanza, si jamaa wa kinyozi.

Baada ya shirikisho kuna jimbo. Minnesota na Texas hazidai kibali cha kununulia bunduki ndefu ya kawaida ya aina ninayoieleza hapa. Illinois inadai FOID, kadi yake ya utambulisho wa mwenye bunduki, kabla hujagusa hata risasi. New Jersey na Massachusetts zina kadi na leseni zao, na foleni zake. Ukihama jimbo, anza kusoma upya.

Kama umekwama hapa, bunduki ya upepo si mchezo wa watoto. Sheria ya shirikisho haiihesabu kuwa silaha ya moto, ingawa baadhi ya majimbo, New Jersey likiwemo, yanaihesabu. Ile nzuri inaua sungura kwa usafi kwa umbali wa yadi 25 hadi 30, na inafundisha kulenga sawasawa na nyingine yoyote.

Hatua ya 2: Chagua kaliba, na kaliba ni .22 LR

Muuzaji atakuonyesha kaliba nyingi, yaani saizi za risasi. Sikiliza kwa adabu, kisha rudi kwenye .22 Long Rifle. Risasi hii ipo tangu 1887 na bado ndiyo inayouzwa na kufyatuliwa kwa wingi kuliko nyingine. Kichwa chake cha kawaida, yaani ile sehemu inayoruka, kina uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6. Haikupigi teke begani, mlio wake ni mdogo, na bei yake kwa kawaida inacheza kati ya senti 7 na 10 kwa risasi moja ukinunua zile za kawaida.

Fanya hesabu. Jumamosi moja uwanjani ya risasi 150 ni kama dola 12 au 13. Kwa .17 HMR, iliyoingia sokoni 2002, risasi hizo hizo 150 zinaweza kufika dola 40. Ni risasi ya kasi sana, inakwenda karibu imenyooka hadi yadi 150, lakini inapasua nyama ya mnyama mdogo na inapeperushwa na upepo. Ile .22 Magnum ya 1959 ina nguvu zaidi kuliko unayohitaji kwa kindi, na bei yake iko jirani na ya .17. Ukisikia mtu anakushauri .223, risasi yenye nguvu kubwa zaidi, kwa sungura, mwulize anabaki na nini cha kuweka sufuriani.

Jambo moja la kiufundi litakusaidia mbele. Risasi ya .22 haina kiwashio katikati ya kitako chake kama risasi kubwa. Baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki inagonga ukingo huo. Ndiyo maana ni rahisi kutengeneza, na ndiyo maana pia mara mojamoja utasikia “tik” bila mlio. Ikitokea, usifungue bolti, yaani kile chuma kinachoteleza na kufunga nyuma ya mtutu. Acha mdomo wa bunduki uelekee kwenye shabaha, hesabu nusu dakika, ndipo uitoe.

Hatua ya 3: Bolti, au inayojikoki yenyewe?

Bunduki za .22 za bei ya chini ziko za namna nne. Kuna ya risasi mojamoja, nzuri kwa mtoto. Kuna ya wenzo, ile ya sinema za ng'ombe, ambayo unaikoki kwa kushusha wenzo ulio chini ya triga; Henry wanaitengeneza vizuri, ila kwa kawaida inavuka dola 350. Zinabaki mbili zinazowasumbua watu.

Inayojikoki yenyewe ni tamu, sikatai. Ruger 10/22, iliyotoka 1964, imetengenezwa kwa mamilioni na vipuri vyake viko kila mahali. Magazini yake (kisanduku kinachobeba risasi) ya risasi 10 ya kuzunguka ni kazi ya fundi mwenye akili, na haibishani na majimbo yanayokataa magazini kubwa. Lakini ukibana triga na risasi nyingine ikaja yenyewe, mkono unazoea haraka. Mwanafunzi anamaliza sanduku la risasi 50 kwa dakika kumi na hajui hata moja ilikwenda wapi. Tena inachagua risasi: dhaifu sana haina nguvu ya kuisukuma bolti nyuma, chafu inakwama.

Ya bolti inakulazimisha. Unafyatua, unainua mkono wa bolti, unavuta, ganda linaruka, unasukuma, unashusha. Katika sekunde hizo tatu unapumua, unatazama ulipopiga, unajiuliza kwa nini. Inakula risasi yoyote ya .22 LR, ya polepole na ya kasi. Na ukiwa na mtu mgeni pembeni yako, bolti iliyo wazi inaonekana kutoka upande wa pili wa uwanja: kila mtu anajua bunduki ile haiwezi kulia. Kwa bunduki ya kwanza mimi nasema bolti, na sioni haya kusema hivyo mbele ya mashabiki wa 10/22.

Majina ya kutafuta: Savage Mark II, ambayo triga yake unaweza kuirekebisha mwenyewe na mtutu wake una sifa ya kupiga sawa kuliko bei inavyoahidi, Ruger American Rimfire, inayokula magazini zile zile za 10/22, na Marlin za bolti za zamani kwenye soko la mitumba. Zote hizi unaweza kuzipata kati ya dola 200 na 400, kutegemea mtindo, duka na siku. CZ 457 kutoka Ucheki ni bora zaidi, chuma chake ukikishika unajua, lakini bei yake kwa kawaida inaanzia dola 450 kwenda juu. Iweke moyoni, usiiweke kwenye mkopo.

Hatua ya 4: Ipime mwilini

Usinunue bunduki ambayo hujaiweka begani. Wengi wanapima urefu wa kitako kwa kukunja mkono: kitako kinakaa kwenye kunjo la kiwiko, na kidole cha shahada kinafika kwenye triga kwa pingili ya kwanza. Ni kipimo cha haraka tu. Kipimo cha kweli ni hiki: mwombe muuzaji akuthibitishie kwamba ni tupu, fungua bolti uangalie mwenyewe na uingize kidole, elekeza mdomo wa bunduki mahali atakapokuonyesha, funga macho, iweke begani kama unavyojisikia, kisha fungua macho. Jicho likikuta vilengeo mbele yake bila kunyoosha shingo kama twiga au kusugua shavu chini, inakufaa. Ukilazimika kutafuta, haikufai, hata kama ni nzuri.

Akina dada na vijana, na mwanamume mwenye mikono mifupi asione aibu, waulize mitindo mifupi. Ruger wana Compact, Savage wana Rascal ya risasi moja kwa mtoto. Na kumbuka koti la baridi. Bunduki iliyokutosha Julai ukiwa na fulana itakuwa ndefu Novemba ukiwa umevaa nguo tatu.

Mtutu mnene na mzito ni mtamu kwenye meza ya shabaha. Jaribu kuubeba msituni kwa muda wa saa nne. Kama unataka bunduki moja kwa kazi zote mbili, chukua mtutu mwembamba wa kawaida.

Hatua ya 5: Ukinunua mtumba, angalia hapa

Bunduki ya .22 haichakai haraka. Shinikizo ni dogo, kichwa ni cha madini laini ya risasi, na mtutu uliotunzwa unakula maelfu kwa maelfu ya risasi. Ndiyo maana mtumba hapa si jambo la kuogopa. Kwa dola 150 unaweza kuondoka na kitu ambacho kipya kingekugharimu mara mbili. Lakini kuna pahali pa kuangalia, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Anza na mdomo wa mtutu. Ukingo wa mwisho kabisa, pale kichwa cha risasi kinapoagana na chuma, uwe duara safi lisilo na pengo wala mkwaruzo. Kovu dogo pale linasukuma kila risasi pembeni, na chanzo chake mara nyingi ni mtu aliyekuwa anasafisha kwa fimbo ya chuma akipitia mbele.

Kisha ondoa bolti na utazame ndani ya mtutu kwenye mwanga. Mifereji ionekane ikizunguka, myembamba na mikali. Uchafu wa kijivu usikutishe, unasafishika. Vishimo vya kutu havisafishiki.

La tatu ndilo wanunuzi wengi wanalipita. Washa tochi ya simu uangalie mdomo wa chemba, pale ukingo wa ganda unapokaa. Bunduki nyingi za zamani za .22 zikibanwa triga zikiwa tupu, pini inagonga chuma cha chemba badala ya ukingo wa risasi. Mtoto akiichezea hivyo miaka miwili, unaona kijishimo, kama kucha imebonyeza nta. Chuma kilichobonyea kinafinyia ndani ya chemba, na matokeo yake ni maganda yanayogoma kutoka na risasi zinazogoma kulia. Fundi anaweza kukirekebisha, lakini bei ya fundi itoe kwenye bei ya bunduki kabla hujatoa pochi.

Mwisho, ikiwa tupu na imekokiwa, weka usalama, yaani kile kitufe cha kuzuia triga, bana triga kwa nguvu kiasi, achia, kisha ondoa usalama. Ikijifyatua yenyewe unapoondoa usalama, irudishe mezani na uondoke. Kwa jaribio hili, na kwa kubana triga yoyote dukani, omba ruhusa kwanza.

Kuhusu kununua kwa mtu binafsi, majimbo yanatofautiana, na mimi kwa mgeni nashauri tu mpitie kwa muuzaji mwenye leseni. Mnalipa ada kidogo, jina lako linachunguzwa, na hakuna atakayekuuliza baadaye bunduki iliyotajwa kwenye faili la polisi imefikaje kwako.

Hatua ya 6: Kaunta na karatasi

Dukani utajaza ile fomu ya shirikisho ya kununulia bunduki, Fomu 4473. Beba kitambulisho cha serikali chenye anwani unayoishi sasa. Wanaokwama hapa ni waliohama nyumba na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani. Asiye raia abebe na grini kadi, maana namba yake inaandikwa. Jibu kila swali kwa ukweli na polepole, uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai la shirikisho. Swali linalowanasa watu wema ni lile linalouliza kama mnunuzi halisi ni wewe. Ukimnunulia binamu aliyekutumia pesa kwa sababu yeye “karatasi zake bado”, umefanya uhalifu, hata kama nia ilikuwa udugu. Huruma ya namna hiyo imewafikisha watu jela.

Muuzaji anapeleka jina lako kwenye NICS, mfumo wa FBI wa kuchunguza wanunuzi, unaofanya kazi tangu 1998. Jibu ni endelea, subiri, au hapana. Likiwa subiri usipaniki, jina lako linaweza kufanana na la mtu mwingine, na kwa wasio raia uchunguzi una hatua ya ziada. Mwenye umri chini ya miaka 21 anaweza kusubiri zaidi kwa sheria iliyopitishwa 2022.

Hatua ya 7: Gawanya pesa zako

Chukua dola 500 kama mfano. Bunduki 260. Darubini ya kulengea 80, pete za kuifungia 20. Miwani na viziba masikio 30. Mkoba na kufuli 30. Risasi 80, ambazo ni karibu elfu moja ukinunua kwa akili. Anayeniambia atanunua bunduki ya 450 na risasi “tutaona” namwacha aone.

Darubini ya bei ya chini inatosha, ila hakikisha imetengenezwa kwa .22. Darubini ya bunduki kubwa kwa kawaida imepangwa iwe sahihi kwa yadi 100. Kwa yadi 25 au 50 jicho likisogea kidogo tu, msalaba unahama juu ya shabaha. Ya .22 imepangwa kwa yadi 50 au karibu na hapo. Ukuzaji wa 2 hadi 7 au 3 hadi 9 unatosha. Anayetaka kuokoa kabisa anunue bunduki inayokuja na vilengeo vyake vya chuma, ajifunzie hivyo.

Uwanja haupaswi kukula sana. Kwa sheria ya mwaka 1937, kila bunduki ndefu na kila sanduku la risasi hubeba ushuru wa shirikisho wa asilimia 11 unaokwenda kwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori, mafunzo ya wawindaji na viwanja vya shabaha. Umeshalipia, basi tafuta uwanja wa idara ya wanyamapori ya jimbo kabla ya kujiunga na klabu ya dola mia tatu.

Hatua ya 8: Iache bunduki ichague risasi yake

Hapa ndipo wachoyo wa risasi wanapokosa raha. Bunduki mbili za chapa moja, zilizotoka kiwandani siku moja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Huwezi kujua kwa kusoma, lazima ujaribu. Nunua sanduku mojamoja la risasi 50 za aina nne au tano: CCI Standard Velocity, CCI Mini-Mag, Federal, Aguila, na moja ya shabaha kama SK au Eley ukijisikia tajiri siku hiyo.

Kaa mezani, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, shabaha yadi 50, sawa na mita 46 hivi. Piga risasi chache za kuuzoesha mtutu, kisha makundi matano ya risasi tano kwa kila aina, kila kundi kwenye duara lake. Usijali yamepiga wapi, angalia yamekusanyikaje. Kundi la inchi moja ni zuri kwa bunduki ya bei hii. Aina moja itakusanya, nyingine itatawanya kama kuku walioona mwewe. Inayokusanya ndiyo yako, na mara nyingi si ile ghali.

Usishangae ya polepole ikishinda. CCI Standard inatoka kwa futi 1,070 kwa sekunde, kama mita 326, chini kidogo ya kasi ya sauti. Mini-Mag inatoka kwa futi 1,235. Hiyo inaanza juu ya kasi ya sauti na kushuka chini yake njiani, na kuvuka pale kunaweza kuitikisa. Kwa mnyama ina faida yake ya nguvu, kwa karatasi si lazima.

Sasa rekebisha darubini. Nyingi zinasogeza robo ya inchi kwa kila kliki ukiwa yadi 100, kwa hiyo yadi 50 kila kliki ni sehemu ya nane ya inchi. Kundi likiwa inchi moja chini, ni kliki nane kwenda juu. Rekebisha kwa kufuata katikati ya kundi, usifukuze risasi moja. Ikikaa sawa yadi 50, risasi ya polepole itashuka kama inchi 6 hadi 7 ukifika yadi 100. Ndiyo sababu .22 ni bunduki ya karibu.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote. Moshi na vumbi la uwanjani vina madini ya risasi, na nguo hizo usimbebee mtoto.

Hatua ya 9: Kutoka karatasi hadi sungura

Majimbo mengi yanataka cheti cha mafunzo ya mwindaji. Minnesota kinamhusu aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979, Texas aliyezaliwa tangu 2 Septemba 1971. Hata kama umri unakusamehe, kasome, ni bei ndogo na utajifunza mipaka ya ardhi na misimu. Msimu, idadi kwa siku na rangi ya nguo vinabadilika kwa jimbo na mwaka, soma kijitabu cha mwaka huo. California hairuhusu kuwinda kwa vichwa vya madini ya risasi tangu Julai 2019, kwa hiyo huko utatafuta vya shaba na mfuko utaumia.

Umbali wako wa kuwindia haupimwi mezani. Kaa chini kama utakavyokaa msituni, kiwiko juu ya goti, chora mduara wa inchi moja na nusu, piga risasi kumi. Umbali ambao zote kumi zimeingia ndio umbali wako. Kwa wengi mwaka wa kwanza ni yadi 25, na kindi wa yadi 40 unamtazama tu na kumtakia siku njema. Tumia risasi yenye tundu kichwani na lenga kichwa. Ukimpiga tumboni umemtesa na umeharibu nyama.

Jambo ninalolikazia kuliko yote ni anga. Kichwa cha .22 kilichorushwa juu kwa pembe kinaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Kindi aliye kwenye tawi jembamba na mbingu nyuma yake hapigwi, haijalishi umekaa baridini muda gani. Subiri ashuke kwenye shina nene, shina ndilo litakalopokea risasi ukimkosa. Sungura naye apigwe wewe ukiwa juu na yeye chini, udongo ukiwa nyuma yake, si kwenye jiwe wala barafu, kwa kuwa .22 inaruka hovyo ikigonga kitu kigumu.

Kwa Waislamu, bismillahi inakuja kabla ya kidole, na ukimkuta bado yu hai, mchinje. Kuhusu uhalali wa sungura, wengi hawana shaka. Kuhusu kindi mwulize sheikh wako, nimesikia majibu mawili.

Nyumbani

Bolti unaweza kuitoa na kuiweka mbali na bunduki. Hiyo ni faida nyingine ya bolti. Bunduki kwenye kabati lenye kufuli, risasi kwenye sanduku jingine lenye kufuli, ufunguo usining'inie na wa gari. Minnesota ni kosa la jinai kuacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anaweza kuifikia, na majimbo mengine mengi yana sheria kama hiyo. Nyumba zetu zina wageni, wapwa, watoto wa jirani wanaoingia bila hodi, kwa hiyo “mwanangu namfundisha haiguswi” haitoshi.

Mtutu wa .22 hauhitaji kusuguliwa kila jioni. Kitambaa kilicholowa mafuta ya bunduki, kamba ya kuvutia kutoka chemba kwenda mbele, kitambaa kikavu, basi. Safisha zaidi chemba na uso wa bolti, huko ndiko nta na masizi hukaa. Baada ya kuisafisha vizuri, makundi ya kwanza yanaweza kutawanyika mpaka mtutu upate nta yake tena, usianze kugusa darubini.

Na ukimchuna sungura, vaa glovu. Sungura wa mwitu wa huku wanaweza kubeba tularemia, ugonjwa unaoingia kwa mkwaruzo mdogo wa kidole. Fungua ini ulitazame: lenye madoadoa meupe mengi, mnyama huyo hafai, mfukie. Aliye safi mchemshe kwanza kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka nyama ianze kuachia mfupa, ndipo umtie kwenye tui la nazi. Ukimpeleka motoni bila kuchemsha utatafuna mpaka kesho.